Vidonge vya Captagon: jina la zamani, dawa ingine ndani

Mwezi wa saba mwaka 2020, polisi ya Italia ilitangaza kwamba imekamata tani 14 za vidonge kwenye bandari ya Salerno, karibu milioni 84, vilivyofichwa ndani ya rola za karatasi. Vilikuwa na alama ya Captagon, dawa iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1960.

Captagon halisi ilikuwa na fenetilini, iliyowekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1986. Lakini leo, wataalamu wa maabara wanaposaga kidonge, kukiyeyusha na kukipitisha katika mashine inayotenganisha kemikali, mara nyingi wanakuta amfetamini pamoja na kafeini. Kiasi pia hakilingani. Anayemeza viwili vyenye alama moja anaweza kumeza vipimo viwili tofauti, na moyo ndio unaoumia.