Je, mboga na viungo vinaweza kutukinga na sumu ya zebaki?

Tarime na Serengeti, dhahabu ni riziki ya familia nyingi. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma ili ibaki dhahabu peke yake. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini takriban asilimia 80 ya unaovutwa huingia kwenye damu. Mawe yanaposagwa, vumbi lake pia linaweza kuwa na aseniki na risasi. Kwa mkazi wa Manchira anayeishi karibu na shughuli hizi, swali la kinga ni la kila siku.

Sumu hizi hufanya nini kwenye seli za mafuta?

Mafuta ya mwili si mzigo tu. Seli zake huhifadhi nishati, hupokea sukari kutoka kwenye damu insulini inapoziamuru, na hutoa homoni zinazodhibiti njaa. Majaribio ya maabara yanaonyesha kuwa aseniki hufanya seli hizi zisiitikie insulini vizuri, hivyo sukari hubaki kwenye damu. Huko Taiwan na Bangladesh, kunywa maji yenye aseniki nyingi kwa miaka kumehusishwa na kisukari. Zebaki na kadmiamu nazo huzalisha kemikali kali zinazoharibu seli kwa ndani.

Mimea inasaidiaje?

Kwesetini iliyo kwenye vitunguu, kurkumini ya manjano na katekini za chai huamsha ulinzi wa seli. Seli hutengeneza glutathioni zaidi, ambayo hushika metali na kuzima kemikali hizo kali.

Hata hivyo, majaribio mengi yamefanywa kwa seli za maabara na panya, kwa vipimo vikubwa kuliko vya chakula. Kurkumini, kwa mfano, hufyonzwa kidogo sana tumboni. Hakuna mmea uliothibitishwa kutibu sumu ya zebaki kwa binadamu. Ukiuziwa unga wa "kuondoa sumu", usiache matibabu kwa ajili yake.

Chakula gani kina faida?

Mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Kwa hiyo kula maharage, mboga za majani, ulezi, na dagaa wazima pamoja na mifupa yao. Ongeza limau au chungwa ili chuma kifyonzwe vizuri. Chai inywe mbali na mlo, maana hupunguza chuma kinachofyonzwa.

Mambo ya kuzingatia

• Usichome zebaki ndani ya nyumba wala jikoni. Tumia ritoti inayonasa mvuke, na fanya kazi hiyo mbali na watoto na wajawazito.
• Badilisha nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani.
• Kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi metali. Chota maji mbali na sehemu za kuoshea dhahabu.
• Mjamzito, epuka udongo wa kula. Utafiti uliofanyika Geita na kuchapishwa 2014 ulikuta aseniki kwenye udongo wanaokula wajawazito.

Mikono ikitetemeka, ukipata ganzi, ukisahau sana au mtoto akichelewa kukua, nenda kituo cha afya. Mweleze mhudumu kazi unayofanya na mahali unapochota maji. Bila hayo ni vigumu kwake kuifikiria sumu. Mboga ziendelee kuwa mezani, lakini kinga ya kwanza ni kuizuia sumu isiingie mwilini.