Mimea Yetu na Viumbe wa Nyumbani (3): Paka Anapotafuna Jani la Chungu

Wiki iliyopita tulikuwa nje, kwa mbuzi na majani ya muhogo. Leo tunaingia barazani na sebuleni, kwa mnyama ambaye wengi wetu tunaamini jani haliwezi kumdhuru kwa sababu yeye ni mla nyama. Imani hiyo imewaua paka wengi, na wangali wakifa kwayo.

Paka hula majani, tena kwa kupenda. Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis waliwauliza wenye paka zaidi ya 1,000 kuhusu jambo hili, na majibu waliyoyatoa mwaka 2019 yakaondoa dhana ya zamani kwamba paka hutafuta majani anapougua tu. Wengi mno walikuwa wazima wa afya kabla ya kula. Hart anaona ni tabia ya kurithi, iliyowasaidia wazee wao wa porini kusafisha minyoo tumboni. Basi paka aliyefungiwa nyumbani, asiye na uwanja wa nyasi, hutafuna alichonacho karibu, nacho ni mmea wa chungu.

Tatizo ni kwamba ini lake halikuumbwa kwa mboga. Wanyama wengi, na sisi pamoja nao, huziunganisha sumu nyingi na asidi ya glukuroniki ili zitoke kwa mkojo au nyongo. Jeni moja muhimu katika kazi hiyo imekufa kwa paka, ikabaki alama tu katika nasaba yake. Kiasi ambacho mwili wa mbwa unakimaliza, kwa paka hukaa na kuendelea kudhuru. Tena paka hujilamba. Chavua au utomvu ulioshika manyoya utafika tumboni hata kama jani lenyewe hakulitia mdomoni.

Msomaji wa Gede au Watamu huenda akasema paka wetu ni wa msitu, wameyazoea haya. Ni kweli tuna paka wetu. Mwaka 1978, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, Jeni Slater aliwaona watoto wa paka wenye madoa ya ajabu, akawalea. Wagiriama walikuwa wakimjua paka huyo siku zote kwa jina la khadzonzo, kwa jinsi manyoya yake yanavyofanana na gome la mti. Rafiki wa Slater, Gloria Moldrup, aliwapeleka baadhi yao Denmark, na leo paka wa Sokoke anatambuliwa na vyama vya wafugaji ng'ambo. Ni fahari ya Kilifi, nami sioni kwa nini hatumtaji zaidi. Lakini khadzonzo ana ini lile lile la paka. Kuzaliwa msituni hakukumpa kinga, na mimea mingi iliyomo majumbani mwetu haikutoka msituni humo hata angalau aijue kwa harufu.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Watu wa pwani hii si wageni wa sumu za mimea. Wawindaji wa Kiwaata, waliokuwa wakiangusha ndovu kwa upinde kati ya Sabaki na Tsavo, walipaka mishale yao utsungu uliopikwa kutoka mti wa Acokanthera. Sumu hiyo hushika moyo. Kila mzee aliujua mti ule, akajua ni nani apike, apikie wapi, na watoto wakae mbali kiasi gani. Sasa utazame adenium ulio mlangoni mwa hoteli nyingi za Malindi, ule wenye shina lililovimba na maua ya waridi. Utazame na oleanda unaopandwa kando ya kuta kwa kuwa haujali jua wala chumvi ya bahari. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja na mti ule wa utsungu, na sumu zake hufanya kazi ile ile moyoni. Utomvu wa adenium nao umepakwa mishale Afrika Mashariki. Tofauti ni kwamba mti wa msituni ulikuja kwetu pamoja na maonyo yake, na wa chungu tumeununua kitaluni kando ya barabara ukiwa na bei tu. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Paka aliyekula oleanda hutapika, hulegea, na moyo wake hupiga polepole au kwa mpangilio uliovurugika. Jani dogo linatosha kumtia hatarini.

Mmea ninaouhofia zaidi kwa upande wetu, hata hivyo, ni mtapo. Tunao wa asili, Encephalartos hildebrandtii, uliopewa jina la mkusanyaji Mjerumani Johann Maria Hildebrandt. Huota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, hukua polepole sana, na umo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo si wa kung'olewa porini kwa ajili ya bustani. Kuna pia wa kigeni, Cycas revoluta, mfupi na wa kupendeza, ambao ndio hasa uliojaa vyunguni. Watu wa pwani waliokumbwa na njaa waliweza kutoa unga katika mitapo, lakini baada ya kuuloweka na kuuanika kwa siku nyingi, maana walijua kwamba bila hivyo unaua. Sumu yake kuu ni saikasini, na mbegu ndizo kali kupita sehemu zote. Mbegu za mtapo wetu zina ganda jekundu linalong'aa. Zikianguka sakafuni hubiringika, na kitu kinachobiringika paka hakiachi. Atakayetafuna hutapika baada ya saa chache. Kisha siku ya pili au ya tatu fizi na ngozi ya ndani ya masikio hugeuka manjano, damu hushindwa kuganda, na hapo ini limeshaharibika.

Lili ni habari nyingine. Nasema lili za kweli za jamii ya Lilium, pamoja na Hemerocallis, ambazo kwetu huja katika mashada ya harusi na meza za mapokezi. Humuua paka kwa figo. Jani, ua, chavua, hata maji ya chombo yaliyokaa na maua hayo, vyote vina sumu, na mpaka leo wanasayansi hawajaitambua sumu yenyewe. Mbwa akila lili huumwa tumbo tu. Paka hupoteza figo. Ukiwa na paka, shada lenye lili lisiingie nyumbani kabisa. Sina ushauri mwepesi kuliko huo. Gloriosa superba, ua lenye petali za rangi ya moto linalojiotea hata kwenye vichaka vya mchanga hapa kwetu, si lili ya kweli. Lina kolchisini, nayo ni sumu kali ya namna yake.

Mimea inayowafikisha paka kliniki mara nyingi zaidi ni afadhali kuliko hiyo. Dieffenbachia, filodendroni, monstera na ule mtambao wa majani ya moyo uitwao mmea wa pesa, yote ina fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kama sindano, zinazochoma mdomo papo hapo. Paka hutokwa na mate, hujikwaruza mdomo kwa mikono, hukataa chakula. Inatisha kutazama, lakini ni nadra kuua, ila pale koo linapovimba akashindwa kupumua. Shubiri huharisha. Mnyaa wa uani hatari yake kubwa ni utomvu machoni.

Sasa tuseme ni saa tatu usiku, mtaani Muyeye, hapa Malindi. Umerudi ukakuta mtapo umetafunwa, matapishi sakafuni, na paka amejikunyata chini ya kiti. Cha kwanza mtoe pale penye mmea. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji safi, na kama ana chavua au utomvu kwenye manyoya, mwoshe pale kabla hajajilamba. Usimtapishe. Wako watakaokuambia umpe maji ya chumvi. Chumvi yenyewe huweza kumuua. Dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, ambayo wengine huwapa mbwa, huchubua tumbo la paka mpaka likatoka damu. Mafuta ya nazi yakimiminwa kwa nguvu huingia mapafuni. Maziwa yanaweza kuupoza mdomo uliochomwa na dieffenbachia, ila hayaondoi sumu ya mtapo, wala ya lili, wala ya oleanda, na kila dakika unayosubiri maziwa yafanye kazi ni dakika uliyompa adui. Mkaa wa jikoni ukisagwa haugeuki kuwa mkaa wa dawa.

Kisha kata kipande cha mmea chenye jani na mbegu, kitie mfukoni. Upige picha mmea mzima. Mpigie daktari wa wanyama kabla hujaondoka nyumbani, ujue kama yupo, na umpe maneno yaliyokamilika: "Daktari, paka wangu ana kama kilo tatu. Ametafuna mbegu ya mtapo, nadhani tangu magharibi. Ametapika mara mbili. Picha ya mti nimekutumia sasa hivi." Maneno hayo yanamwezesha kuandaa dawa wakati wewe ungali njiani. Mfunge paka kwa leso, mtie kikapuni, ufunike, upande tuktuk.

Hapa sina budi kusema wazi. Huduma za mifugo za kaunti yetu zimejengwa juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku, na ni haki ziwe hivyo, kwani ndiyo riziki ya watu. Lakini mwenye paka akubali kwamba usiku huenda akalazimika kwenda mbali, pengine mpaka Mombasa, kilomita 120 hivi kutoka Malindi. Ndiyo maana namba ya daktari hutafutwa leo, paka akiwa mzima. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muuza duka la agroveti anaweza kukuelekeza kwa daktari. Kumtibu paka aliyekula sumu si kazi yake, na mwaminifu atakuambia hivyo mwenyewe.

Daktari ana dawa za kumtapisha kwa usalama ikiwa muda haujapita, ana mkaa wa dawa, na ana dripu. Kwa lili, dripu ndiyo uhai: paka aliyeanza kutiwa maji mshipani ndani ya saa 18 tangu ale, akaendelea nayo siku mbili au tatu, ana matumaini mazuri ya kupona. Akicheleweshwa mpaka mkojo umekatika, ni wachache wanaorudi.

Nisisitize utulivu wa katikati, kwa kuwa huwadanganya watu wengi. Paka aliyekula lili au mtapo anaweza kutapika usiku, akaamka asubuhi akionekana nafuu, akalamba hata mchuzi wa samaki. Mwenyewe hushukuru Mungu na kuahirisha safari. Kumbe figo au ini linaendelea kufa, na dalili zitarudi siku ya pili au ya tatu zikiwa nzito zaidi. Kama una hakika alitafuna, mpeleke hata akionekana mzima, na umwombe daktari apime damu, kisha arudie kuipima baada ya siku mbili.

Wiki ijayo tutafungua kabati la dawa: Panadol, na dawa ya viroboto ya mbwa ambayo haifai kabisa kumgusa paka.