Vijidudu vya Utumbo Navyo Vyahitaji Posho Yao

Kufunga choo ni ugonjwa ambao wengi huona haya kuutaja, hata mbele ya daktari. Askari aweza kukaa lindoni siku nne na tumbo zito, asimwambie mtu. Mkewe nyumbani huona sahani inarudi na chakula, asijue sababu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu aendaye choo chini ya mara 3 kwa wiki, au atoaye choo kigumu kwa kujikamua, na hali hiyo ikadumu miezi 3 au zaidi, ana ugonjwa sugu, wala haimpasi kuudharau.

Katika utumbo mpana wa kila binadamu huishi bakteria wengi mno, nao si maadui. Chakula chao ni nyuzinyuzi za mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa, ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Wakila, huzaana. Mwaka 1980 wataalamu Alison Stephen na John Cummings wa Uingereza walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya choo walichokipima, kilipokwisha kukaushwa, kilikuwa bakteria wenyewe. Miili yao hushika maji, hivyo choo huwa kikubwa na laini, na utumbo hukisukuma bila taabu.

Wakinyimwa posho yao, mambo hugeuka. Choo huwa kidogo, hukaa ndani muda mrefu, maji yake hufyonzwa, kikakauka. Kadiri kinavyochelewa, ndivyo vijidudu vyenyewe vinavyobadilika: walaji wa nyuzinyuzi hupungua, na wale wanaovunja protini hupata nafasi. Vijidudu vingine hutoa gesi ya methani, ambayo huonekana zaidi kwa watu ambao utumbo wao huenda polepole. Kwa njia hiyo ugonjwa hujizidisha wenyewe.

Jambo hili lina historia nchini Uganda. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyepata kutumikia jeshi la Uingereza, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Mulago miaka mingi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza vipimo vyao. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita mwilini kwa takriban saa 36, na choo chao kilikuwa gramu 470 kwa siku. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, muda ulizidi saa 80, na choo kilikuwa gramu 104 tu. Wanafunzi wa bweni wa Uganda nao walichukua saa 47. Yaonekana basi kwamba si rangi ya mtu iliyoleta tofauti hiyo, bali namna ya maisha, na hasa chakula.

Kwa hiyo dawa ya kwanza imo jikoni. Mama wa nyumbani apikaye posho ya unga mweupe kila siku aweza kuchanganya unga wa dona, mtama au ulezi. Aongeze maharage, kunde, mchicha, viazi vitamu na papai. Aongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, maana bakteria wakipewa chakula kingi ghafla hujaza tumbo hewa. Maji ya kunywa yasisahaulike, hasa kwa askari wa doria juani. Tena haja ikibisha, isizuiliwe.

Dawa kali za kuharisha na maji ya sabuni au mitishamba ya kupitishwa nyuma visitumiwe ovyo. Vyaweza kuumiza utumbo. Vidonge vya kuua bakteria visimezwe bila amri ya daktari, kwa kuwa huua pia walio wema. Mgonjwa aonaye damu chooni, anayekonda, anayetapika, au ambaye tumbo limevimba na hata hewa haitoki, apelekwe hospitali mara moja. Na yule ambaye chakula hakikumsaidia asione haya kumweleza daktari, kwani zipo sababu nyingine, zikiwamo baadhi ya dawa za maumivu, ambazo jiko peke yake haliwezi kuziondoa.