USAJILI WA WATOTO WALIOZALIWA VISIWANI KWA MZAZI RAIA WA ITALIA

Wananchi wenye watoto waliozaliwa Unguja au Pemba, ambao baba au mama yao ni raia wa Italia, wanajuulishwa kwamba sheria ya uraia ya nchi hiyo ilibadilika mwaka 2025. Mazoea ya kusubiri mpaka mtoto akue ndipo atafutiwe karatasi zake hayafai tena kutegemewa. Masheha nao wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa utulivu, kwani mara nyingi wao ndio wanaoulizwa mwanzo.

Tangu hoteli za Kitaliana ziliposhamiri Kiwengwa na pwani ya mashariki katika miaka ya 1990, ndoa baina ya wenyeji na Wataliana si jambo geni. Wazazi wengi walishika kauli moja, kwamba mtoto wa Mtaliana ni Mtaliana, aandikwe leo au aandikwe akiwa na miaka ishirini. Kauli hiyo ilikuwa na msingi wake. Sheria ya Italia Na. 91 ya tarehe 5 Februari 1992 ilitamka kuwa mtoto wa baba au mama aliye raia ni raia tangu kuzaliwa, popote alipozaliwa. Kuandikishwa hakukumpa uraia. Kulithibitisha tu ule aliokuwa nao.

Tarehe 28 Machi 2025 Serikali ya Italia ilitoa Amri Na. 36, ambayo iligeuzwa kuwa Sheria Na. 74 ya tarehe 23 Mei 2025. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu aliyezaliwa nje ya Italia naye ana uraia wa nchi nyengine huhesabiwa kuwa hakupata kamwe uraia wa Italia, ila akiwa ndani ya mafungu yaliyosamehewa. Mtoto aliyezaliwa hapa kwa mzazi mmoja Mtanzania anaguswa na kifungu hicho, kwa kuwa yeye ni Mtanzania kwa kuzaliwa.

Waliosamehewa ni wale ambao maombi yao yalikwisha kupokelewa kabla ya kumalizika siku ya tarehe 27 Machi 2025, kwa saa za Roma. Wengine ni wale ambao mzazi wao, au babu au bibi, ana uraia wa Italia peke yake bila ya mwengine, au alikuwa nao hivyo alipofariki. Aidha, amesamehewa mtoto ambaye mzazi wake, baada ya kuwa raia wa Italia, aliishi Italia miaka miwili mfululizo kabla ya mtoto huyo kuzaliwa.

Kwa familia nyingi za visiwani fungu la pili ndilo kinga yao. Baba aliyetoka Italia akaja kufanya kazi hapa, naye hana pasi nyengine, mtoto wake ni raia kama zamani. Mjukuu wake pia hukingwa na babu huyo, maadamu mzazi aliye kati hakuukana uraia wa Italia kabla ya mjukuu kuzaliwa. Mashaka yanaanza kwa kizazi kinachofuata, na kwa wale ambao mzazi wao Mtaliana alikuja akiwa na uraia wa nchi mbili, kama vile Italia na Argentina, wala hakupata kuishi Italia.

Kwa watoto wasiokingwa, sheria imeacha mlango mwembamba. Mzazi aliye raia wa Italia kwa kuzaliwa, pamoja na mwenziwe, wanaweza kutoa tamko la kutaka mtoto wao mdogo apewe uraia. Sheria ilipotoka mwaka 2025 tamko hilo liliwekewa mwaka mmoja tangu mtoto kuzaliwa. Muda huo umekuwa ukifanyiwa marekebisho, hivyo mzazi aulize Ubalozini mapema, kabla mtoto hajamaliza mwaka wake wa kwanza. Ifahamike pia kuwa apataye uraia kwa tamko hahesabiwi kuwa raia kwa kuzaliwa, na hilo litawahusu watoto wake yeye atakapokuwa mzazi.

Ama njia yenyewe, huanzia hapa nyumbani. Kuzaliwa kwa mtoto kusajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Cheti kikishatoka, kithibitishwe na kufasiriwa kwa Kitaliana, kisha kipelekwe Ubalozi wa Italia, Dar es Salaam. Ubalozi hauandiki uraia katika daftari lake. Huipeleka hati kwenye manispaa ya Italia anakohesabiwa mzazi, na huko ndiko inakonakiliwa. Kwa sababu hiyo mzazi Mtaliana aishiye hapa zaidi ya miezi kumi na miwili lazima awe ameandikwa katika daftari la Wataliana wakaao ng'ambo, AIRE, lililowekwa na sheria ya mwaka 1988. Asiyeandikwa humo aanze na hilo.

Penye tabu kubwa ni majina. Mtaliana anayesilimu na kuoa hapa huchukua jina la Kiislamu, na jina hilo ndilo linaloingia katika cheti cha ndoa cha Kadhi, kisha katika cheti cha mtoto. Pasi yake inasema mtu mwengine kabisa. Afisa wa manispaa ya Italia akiletewa cheti chenye baba aitwaye Abdalla, hana namna ya kumjua kuwa ndiye yule aliyemo katika daftari lake. Dini haimtaki aliyesilimu aiache nasaba yake, wala hapana haja ya kuificha: jina la pasi liandikwe kamili, herufi kwa herufi, na lile la Kiislamu lifuatie kama linatakiwa. Makosa haya ni rahisi kuyaepuka siku ya kuandikisha, na ni mazito kuyasahihisha baba akisharejea kwao au akishafariki.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au ambaye ndoa ya wazazi wake haikusajiliwa Italia, hapotezi haki kwa sababu hiyo tu. Italia iliondoa tafauti baina ya watoto kwa Sheria Na. 219 ya mwaka 2012. Lakini baba lazima amkubali mtoto kisheria, na akubali wakati mtoto bado ni mdogo. Mama aliyeachwa na ahadi za simu tu asingoje.

Mwisho, kwa upande wa Tanzania, uraia ni jambo la Muungano. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili mpaka afikapo miaka 18, na hapo hutakiwa kuukana ule wa kigeni na kula kiapo, la sivyo huacha kuwa Mtanzania. Wazazi wawaeleze watoto wao mapema, na kijana mwenyewe afike Idara ya Uhamiaji, akiwa na vyeti vyake, kabla hajatimiza umri huo.