Kilemba cha Sheria na Haki ya Mwananchi

Kila taifa huivika sheria vazi lake, na aghalabu huanzia kichwani. Katika pwani yetu kadhi alitambulikana kwa kilemba na joho. Yasimuliwa kwamba Abu Yusuf, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Khalifa Harun al-Rashid mjini Baghdad katika karne ya 8, ndiye aliyewapa wanazuoni vazi lao la pekee. Maana yake ni wazi: avaapo kilemba hicho, mtu huweka nafsi yake kando ili sheria iseme.

Wigi za singa za farasi, ambazo ukoloni wa Kiingereza ulizileta katika mahakama kuu za Afrika, asili yake ni nyingine. Mfalme Charles II aliporudi kutawala Uingereza mwaka 1660, wakubwa wa huko waliiga nywele za bandia za jumba la mfalme wa Ufaransa. Majaji walifuata baadaye, na mtindo ulipokufa mitaani wao wakabaki nao. Juu ya wigi hiyo ndipo jaji wa Kiingereza alipowekewa kitambaa cheusi akitamka hukumu ya kifo. Si ajabu aliyesimama kizimbani alitetemeka.

Waingereza wenyewe walizivua katika mashauri ya madai mwaka 2008. Nchini Kenya, Jaji Mkuu Willy Mutunga aliziondoa mwaka 2011. Nigeria na Ghana zingali zavaliwa.

Hata hivyo, mkulima anayedai shamba lake hazuiwi na singa. Huzuiwa na hukumu asiyoielewa. Mahakama za Mwanzo za Tanzania, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1963, zimesikiliza kesi kwa Kiswahili, pamoja na washauri wa mahakama, bila wigi, na heshima yake haikupungua. Katika mahakama za juu Kiingereza kilitawala kumbukumbu na hukumu, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hiyo ndiyo wigi iliyokuwa nzito kuvuliwa.

Kilemba chafaa kinapomkumbusha mvaaji kwamba amebeba amana ya watu. Heshima ya mahakama hutokana na haki inayoeleweka na kutolewa kwa wakati. Ikikosekana haki hiyo, vazi lolote la kichwani, liwe la kigeni au la kwetu, ni kilemba cha ukoka.