Mkate wa saumu Bujumbura: Mkate wa jana, faida ya leo

BUJUMBURA. Jioni inapoingia katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, moshi wa mishikaki ya mbuzi huanza kupanda kandokando ya barabara. Kwa muuza mkate wa rejareja, huo ndio wakati wa kuhesabu: mikate mingapi imetoka, mingapi imebaki kwenye kapu.

Mkate mrefu wa Kifaransa, ule wenye ganda gumu ambao jiji hili liliuzoea tangu enzi za Wabelgiji, hauna subira. Asubuhi ukivunjwa hulia. Jioni huvutika kama mpira. Kesho yake ni rungu.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme muuzaji amechukua mikate 20 na faida yake kwa kila mmoja ni sehemu moja ya kumi ya bei. Akiuza 16, faida yote haifikii bei ya mikate miwili. Minne iliyobaki imebeba mtaji unaolingana na bei ya mikate zaidi ya mitatu na nusu. Ametembea juani kutwa nzima, na jioni anarudi nyumbani na deni.

Kuna njia ya kuiokoa mikate hiyo minne: kuigeuza kuwa mkate wa saumu, unaoliwa moto pamoja na mishikaki, mchuzi au supu. Hoteli huuweka kwenye orodha ya vyakula kama kitu cha wageni, lakini unapikika nyumbani, kwa sufuria na jiko la mkaa, lile ambalo hapa huitwa imbabura.

Hauhitaji oveni

Kwa mkate mmoja mrefu zinahitajika punje nne au tano za kitunguu saumu, vijiko vinne vya chakula vya siagi au majarini, chumvi robo kijiko cha chai na majani machache ya kotimiri yaliyokatwa laini.

Saumu hupondwa kwenye kinu pamoja na chumvi hadi iwe uji mzito, kisha huachwa dakika tano hadi kumi. Kusubiri huko kuna maana. Punje nzima haina harufu kali. Inapopondwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na kemikali nyingine na kuzaa alisini, ambayo ndiyo yenye ule ukali na harufu. Ikiwekwa motoni mara tu baada ya kupondwa, joto hukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na ladha hupungua.

Baada ya hapo saumu huchanganywa na siagi iliyolainika na kotimiri. Mkate hukatwa vipande vya unene wa vidole viwili, lakini kisu kisifike chini, ili vipande vibaki vimeshikana. Mchanganyiko hupakwa katika kila mwanya, na mkate hufungwa kwa karatasi ya aluminiamu au jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalegea. Ukiwa mrefu kuliko sufuria, hukatwa katikati.

Sufuria kavu hutandikwa mchanga safi au mawe madogo, huwekwa juu ya moto wa wastani na kufunikwa, kisha makaa machache hupaliwa juu ya kifuniko, kama wafanyavyo wapika keki wasio na oveni. Dakika kumi hadi kumi na mbili zinatosha. Mwishoni mkate hufunguliwa na kuachwa dakika mbili au tatu ili ganda likauke. Usiachwe zaidi, kwa sababu saumu huungua upesi, na ikiungua huwa chungu.

Kinachofanyika ndani ya sufuria si muujiza. Mkate haugeuki mgumu kwa kukauka tu. Wanga wake hujipanga upya kadiri saa zinavyopita, na joto huulegeza tena. Lakini nafuu hiyo ni ya muda, kwa hiyo mkate wa saumu huuzwa ukiwa moto. Na ulioota ukungu hauokolewi kwa saumu wala kwa kitu kingine chochote. Ni wa kutupwa.

Saumu ipi, kutoka wapi?

Hapa ndipo hesabu ya jikoni inapokutana na hesabu ya mpakani. Ngano inayosagwa katika ukanda huu, kwa sehemu kubwa, hufika kwa meli kupitia bandari kama Dar es Salaam na Mombasa. Mfanyabiashara mdogo hana sauti katika bei yake. Vita vilipozuka Ukraine Februari 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na waokaji hawakuwa na la kufanya.

Saumu ni tofauti. Inalimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mbulu, mkoani Manyara nchini Tanzania, inajulikana kwa zao hilo. Lakini katika masoko makubwa ya kanda hii, kando ya saumu ya Mbulu huwekwa saumu ya China, nchi inayoongoza kwa mbali duniani kwa uzalishaji wake. Anayenunua Tanzania ili auze Bujumbura anapaswa kujua ameshika ipi kabla hajafika Manyovu au Kabanga.

Mara nyingi jicho husaidia. Saumu ya China huwa na vichwa vikubwa vinavyolingana, vyeupe, na mizizi iliyonyolewa hadi kwenye kitako. Saumu ya wakulima wetu huwa na vichwa vidogo visivyolingana, mara nyingine na ganda lenye rangi ya zambarau na mizizi iliyobaki. Hata hivyo jicho si ushahidi mbele ya ofisa wa forodha. Ushahidi ni karatasi.

Burundi ilijiunga na Jumuiya Julai 1, 2007, na miaka miwili baadaye ikaingia katika Umoja wa Forodha. Chini ya utaratibu wa biashara uliorahisishwa, mfanyabiashara mwenye mzigo wenye thamani isiyozidi Dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, anaweza kupata Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa palepale mpakani. Kwa cheti hicho mzigo hautozwi ushuru wa forodha.

Saumu ya China haipati cheti hicho, hata kama ilinunuliwa Kariakoo na risiti ipo. Kununua Tanzania hakuifanyi bidhaa kuwa ya Tanzania. Hiyo inahesabiwa kuwa bidhaa ya kutoka nje, na ushuru wake unaweza kuimeza faida yote. Anayechanganya aina mbili ndani ya gunia moja anajitafutia balaa zaidi, kwa sababu gunia zima linaweza kutiliwa shaka.

Mambo mawili zaidi husahaulika. Kwanza, cheti cha uasili hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa upande wa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Pili, kufutiwa ushuru wa forodha si kufutiwa kila tozo; kodi za ndani zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR) zina sheria zake. Ni busara kuuliza yote haya kabla ya kulipa nauli ya gari.

Asiyejua hayo ndiye anayeishia kupita njia za panya, akimlipa mtu wa kumvusha, akihofia kila taa ya gari usiku. Akikamatwa, anapoteza gunia ambalo huenda lingepita mchana kweupe bila ushuru.

Tahadhari ya kopo

Wapo wanaofikiria kurahisisha kazi kwa kuponda saumu nyingi, kuitia mafuta na kuiuza kwenye makopo. Hapo pana hatari. Saumu hutoka ardhini, na inaweza kubeba vimelea vya botulizimu. Ndani ya mafuta, pasipo hewa, katika joto la kawaida, vimelea hivyo huzaliana na kutoa sumu isiyobadilisha harufu wala ladha. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula saumu ya kopo iliyohifadhiwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye jokofu.

Kwa Bujumbura yenye joto la ziwani na umeme unaokatika, kanuni ni moja: ponda ya leo, itumie leo. Vichwa vikavu, vikitundikwa mahali penye hewa na kivuli, hukaa kwa wiki nyingi bila shida. Hiyo ndiyo hazina, si kopo.

Turudi kwa ile mikate minne. Ikikatwa, kila mmoja hutoa vipande kumi na zaidi. Gharama iliyoongezeka ni kichwa kimoja au viwili vya saumu, majarini na mkaa ambao pengine tayari unawaka kwa ajili ya chakula cha jioni. Muuzaji ajumlishe gharama hizo pamoja na mtaji wa mikate, agawe kwa idadi ya vipande, ndipo apange bei. Akifanya hivyo, na kama saumu yake ilivuka mpaka na cheti chake, mkate uliokuwa deni saa kumi na mbili jioni unaweza kuwa mtaji wa kesho saa mbili usiku.