Gari Linapokwama Ngara na Biharamulo: Ubovu, Gereji na Bima

Wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo kusini mwa mkoa wa Kagera, zimekaa kwenye mlango wa Tanzania kuelekea Rwanda na Burundi, na kwa sababu hiyo barabara zake hubeba kwa pamoja magari yenye kazi tofauti kabisa. Yapo malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita 1,200 kutoka mpaka wa Rusumo, na yapo magari madogo ya wenyeji, yakiwemo yale yanayoitwa michomoko, ambayo huchukua abiria na magunia kati ya Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura, Benaco, Rulenge na Kabanga. Chombo cha aina yoyote kati ya hivi kinapokwama njiani, mwenye nacho huingia katika shida inayoonekana kuwa moja, ilhali ndani yake mna mambo matatu yanayofuata kanuni tofauti: ubovu wenyewe, matengenezo ya gereji na bima. Malalamiko mengi hutokana na kuyachanganya mambo hayo, hasa pale mwenye gari anapotarajia bima igharamie kitu ambacho haikuahidi, au anapomkabidhi fundi kazi ambayo haikuelezwa wala kuandikwa.

Milima, vumbi na tope

Ngara ni nchi ya milima na mabonde. Mto Ruvubu, unaotoka Burundi, hukutana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na barabara zinazoshuka kwenye mabonde ya mito hiyo hazina budi kupanda tena upande wa pili. Gari linalopanda likiwa na mzigo mzito na mwendo mdogo hupata upepo haba kwenye rejeta wakati ambapo injini inazalisha joto jingi, na kama rejeta imeziba kwa kutu au feni belti imelegea, injini huchemsha. Maji yaliyomo kwenye rejeta hukaa chini ya shinikizo, ndiyo maana yanaweza kupita nyuzi joto 100 bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa kabla injini haijapoa, maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kumbabua aliyeufungua. Dereva akiendelea kuendesha gari lililochemsha, silinda hedi, yaani sehemu inayofunika silinda kwa juu, huweza kupinda na gasketi iliyo chini yake kuungua, hata ubovu ambao ungemalizwa kwa kubadilisha mpira wa maji ukawa kazi ya kufungua injini.

Mteremko nao una madhara yake, kwa sababu dereva anayekanyaga breki mfululizo huzitia moto mpaka zikapoteza nguvu ya kushika. Dawa yake ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe isaidie kulizuia gari. Katika barabara za vumbi, ambazo bado ni nyingi zinazounganisha vijiji na barabara kuu, makorongo na mawe hula bushi, boljointi na shokapu, vumbi la kiangazi huziba chujio la hewa na kuongeza ulaji wa mafuta, na tope la masika huilazimisha klachi kufanya kazi kupita kiasi dereva anapojaribu kujinasua. Ubovu wa namna hii hauji ghafla, kwani boljointi iliyolegea hugonga siku nyingi kabla ya kuchomoka, na klachi iliyokwisha huteleza mlimani kabla ya kukataa kabisa. Dereva anayesikia kugonga huko akiwa mjini Biharamulo, akaahirisha matengenezo hadi arudi kutoka Kabanga, huwa ameuhamisha ubovu kutoka mahali penye mafundi hadi mahali pasipo nao.

Gari likishakwama, jambo la kwanza ni kuzuia ubovu usiwe ajali. Lisogezwe nje ya njia iwezekanavyo, abiria washuke na kukaa mbali na lami, na pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbele na nyuma ya gari kwa umbali unaompa dereva wa lori nafasi ya kupunguza mwendo, umbali ambao lazima uongezwe kwenye kona, kilele cha mlima na usiku. Matawi ya miti, ambayo madereva wengi huyatandaza barabarani kama ishara, husaidia mchana, lakini hayaakisi mwanga gizani, na yakiachwa baada ya gari kuondoka huwa hatari mpya, hivyo aliyeyaweka anawajibika kuyaondoa.

Kwa nini gereji huchelewa

Mwenye gari aliyekaa siku kadhaa Benaco au Nyakanazi akisubiri gari lake huelekea kuamini kwamba fundi ni mvivu au mwongo, na wakati mwingine ndivyo ilivyo. Hata hivyo sehemu kubwa ya ucheleweshaji ina sababu zinazoweza kueleweka na, kwa kiasi fulani, kuepukwa. Sababu ya kwanza ni spea. Pancha, oili, betri na pedi za breki ni mambo ya kila siku katika miji midogo ya njiani, lakini kifaa kisichotumika mara kwa mara hulazimika kuagizwa Kahama, Mwanza, au hata Kariakoo na Ilala jijini Dar es Salaam, kisha kikasafirishwa kwa basi kama kifurushi. Kikifika na kuonekana hakifanani na kilichotolewa, safari hiyo yote huanza upya. Kosa hili hutokea kwa urahisi, kwa kuwa magari mengi yaliyoagizwa yakiwa yametumika Japani hufanana kwa jina na umbo huku yakitofautiana injini, giaboksi na mwaka wa kutengenezwa. Njia ya kulipunguza ni kumpelekea muuzaji namba ya chesisi, aina ya injini na picha ya kifaa kilichoharibika, badala ya jina la gari peke yake.

Sababu ya pili ni namna ubovu unavyotafutwa. Fundi asiye na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari hulazimika kubahatisha, akibadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi gari liwake, na gharama ya kila jaribio humwangukia mteja. Sababu ya tatu ni fedha. Gereji nyingi ndogo hazina mtaji wa kununua spea kabla ya kulipwa, hivyo kianzio cha mteja mmoja huweza kutumika kumalizia gari la mwingine, na foleni ikajengeka ambayo mteja haioni. Mbali na hayo, wapo mafundi hodari waliojifunza kazi kwa kukaa gereji bila kupita chuoni, ambao mteja mgeni hana namna ya kuwatofautisha na wababaishaji. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kwa njia hiyo, na fundi aliyeupitia huwa na cheti cha kumwonyesha mteja.

Kinga ya mteja katika yote haya ni maandishi. Kabla gari halijafunguliwa, inafaa iandikwe karatasi moja inayotaja ubovu ulioelezwa, kazi iliyokubaliwa, bei ya ufundi ikitengwa na bei ya spea, kianzio kilicholipwa, siku ya kumaliza, na sharti kwamba kazi yoyote ya ziada haitafanywa kabla mwenye gari hajaulizwa. Kifaa cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe, ili ijulikane kwamba kweli kimebadilishwa, na risiti ya kipya itunzwe, kwa sababu spea bandia haiwezi kulalamikiwa bila ushahidi wa mahali iliponunuliwa. Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia nchini. Wahenga waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, walisema neno linalofaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila gereji.

Bima ndogo, bima kubwa

Biashara ya bima Tanzania ilipita mikononi mwa umma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ikabaki kwa Shirika la Bima la Taifa hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko kwa kampuni binafsi. Leo soko hilo linasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Wenye magari hukutana na bima za aina mbili hasa. Ile inayoitwa bima ndogo, au bima ya mtu wa tatu, ndiyo ya lazima kisheria, na hulinda watu wengine wanaoumizwa au kuuawa na gari. Mtu wa kwanza katika lugha hii ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule aliyedhurika. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi.

Hapa ndipo penye chanzo cha machungu mengi, kwa kuwa hata bima kubwa kwa kawaida hailipi ubovu unaotokana na uchakavu. Injini iliyokufa kwa kuchemsha mlimani au giaboksi iliyokwisha haiingii katika ahadi ya bima, kwani bima hukatwa dhidi ya tukio la ghafla lisilotarajiwa, na kuchakaa ni jambo la hakika ambalo muda wake tu ndio haujulikani. Lakini gari hilohilo likipoteza breki na kugonga ukingo, madhara ya kugonga huweza kulipwa huku breki zenyewe zikiachwa kwa mwenyewe, na kampuni ina haki ya kuuliza kama gari lilikuwa katika hali ya kutembea barabarani.

Yapo masharti mengine yanayofaa kusomwa kabla ya kulipa. La kwanza ni matumizi: gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likitumika kama mchomoko wa kubeba abiria kwa nauli huwa limetoka nje ya mkataba, na kampuni inaweza kukataa hasara ya gari hilo. La pili ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe katika kila dai. La tatu ni kanuni ya uwiano, inayotumika pale gari linapokatiwa bima kwa thamani ndogo kuliko ya kweli: gari la shilingi milioni 20 likikatiwa bima ya milioni 10, kisha likapata hasara ya milioni 4, kampuni inayotumia kanuni hiyo italipa milioni 2, kwa kuwa mteja alilipia nusu ya thamani. Ada iliyookolewa kwa kutaja thamani ya chini hurudi kama pengo siku ya ajali.

Mpaka wa nchi ni sharti la nne. Anayevuka Rusumo au Kabanga huhama kutoka kuendesha kushoto na kuanza kuendesha kulia, na bima ya Tanzania pekee haimtoshi upande wa pili. Huhitaji Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zimo, na ambao hugharamia madai ya watu wa tatu katika nchi iliyotembelewa pamoja na matibabu ya dharura ya waliomo garini. Kadi hiyo hailipi uharibifu wa gari la mwenye kadi. Anayetaka ulinzi huo lazima aiombe kampuni yake, kwa maandishi, ipanue eneo la bima kubwa.

Dai linapokwama

Baada ya ajali, muda wa kusubiri hutegemea kwa kiasi kikubwa siku za mwanzo. Polisi waarifiwe na ripoti ichukuliwe, waliojeruhiwa wapewe fomu namba 3 ya polisi kwa ajili ya hospitali, picha zipigwe kabla magari hayajaondolewa, na kampuni iarifiwe mara moja, kwa kuwa mikataba mingi huweka muda wa kutoa taarifa. Gari lisifunguliwe kabla mkadiria hasara, yaani mtaalamu anayetumwa na kampuni kupima ukubwa wa uharibifu, hajaliona au hajaruhusu kwa maandishi kutumia picha. Katika wilaya zilizo mbali na miji yenye wataalamu hao, ruhusa hiyo inaweza kuokoa siku nyingi za gari kulala bure gereji.

Kampuni ikichelewa au ikikataa, hatua ya kwanza ni kudai jibu la maandishi linalotaja kifungu cha mkataba kilichotumika. Mteja asiyeridhika hupeleka lalamiko TIRA, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, chombo kilichowekwa na sheria ileile ya mwaka 2009 ili watu wapate haki bila kuanzia mahakamani. Na kwa kuwa bima ya kughushi haina dai la kufuatilia, kila anayelipa inampasa kuhakiki stika yake katika mfumo wa kielektroniki wa TIRA siku hiyohiyo, badala ya kuugundua uongo akiwa kando ya barabara.

Umbali kati ya Rusumo na maduka ya spea ya Kariakoo hautafupishwa na malalamiko, na milima ya Ngara itaendelea kuzijaribu injini. Vinavyoweza kubadilishwa ni vichache na viko mikononi mwa mwenye gari: boljointi inayotengenezwa siku ilipoanza kugonga, karatasi inayosainiwa na fundi, na mkataba wa bima unaosomwa hadi ukurasa wa masharti. Mwenye vitu hivyo bado anaweza kulala Benaco akingoja kifurushi kutoka Kahama, lakini atakuwa anajua anangoja nini, kwa bei gani, na nani atalipa.